TETEMEKO LA BUKOBA: MSAADA WA JIRANI NA MSAADA WA MBALI

(Maneno yaliyosemwa na karani mmoja mbele ya wakubwa wa vijiji, walimu na wenyeji. Yamepigwa chapa hapa kwa faida ya wale wasiokuwapo.)



Nimepewa kazi ya kuzungumza juu ya jambo ambalo watu hulikumbuka kwa majuma machache na kulisahau kwa miaka mingi, nalo ni tetemeko la nchi. Juu ya tetemeko lenyewe sitasema mengi, maana hudumu kitambo kidogo tu, wala hapana mkubwa wala mdogo awezaye kulizuia. Nataka kusema juu ya yale yanayofuata: ni nani awatoaye watu chini ya kuta, ni nani awapaye pa kulala, fedha zinazochangwa hupita katika mikono ya nani, na kwa nini mahali pengi, maiti wakisha kuzikwa na machozi kukauka, huzuka manung'uniko kati ya waliosaidiwa na waliosaidia. Mfano wangu mkubwa nitautoa katika nchi yetu wenyewe, upande wa Bukoba, kwa sababu mambo ya huko yalitokea machoni pa watu wengi walio hai, na kila mwenye shaka aweza kuuliza.

Siku ya Jumamosi, tarehe 10 Septemba 2016, alasiri, saa tisa na dakika 27, nchi ilitetemeka katika mkoa wa Kagera. Chimbuko lake lilikuwa upande wa Missenyi, karibu na Nsunga, chini sana ardhini, kiasi cha kilometa 40. Wenye vyombo vya kupimia waliandika nguvu yake kuwa 5.9. Kwa hesabu ya Serikali ya siku zile watu 17 walikufa, mamia waliumia, nyumba zaidi ya 2,000 zilianguka kabisa, na nyingine zaidi ya 14,000 zilipata madhara makubwa hata ikawa hatari kulala ndani. Shule mbili kubwa za sekondari, Ihungo na Nyakato, zilibomoka vibaya mno. Hospitali ya mkoa ikajaa majeruhi. Lau jambo hili lingalitokea saa nane za usiku, au siku ya kazi watoto wakiwa madarasani, hesabu ya maiti ingalikuwa nyingine kabisa, nasi leo tungalizungumza kwa sauti nyingine.

Wako watakaouliza, kwa nini nchi itetemeke? Wenye elimu ya ardhi wasema kwamba upande huu wa Afrika unapasuka polepole mno, milimita chache kwa mwaka, na mahali unapopasuka ndipo lilipo Bonde la Ufa. Mkono wake wa magharibi ndio ulio na maziwa ya Albert, Edward, Kivu na Tanganyika. Miamba iliyo chini husukumana miaka na miaka, na siku inaposhindwa kuvumilia hukatika kwa ghafula. Jambo hili si geni kwetu. Mwezi wa Desemba 1910 palikuwa na tetemeko kubwa sana upande wa Rukwa, na mwezi wa Machi 1966 nchi ya Toro huko Uganda ilitikiswa hata watu zaidi ya 100 wakafa. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba tetemeko la Bukoba lilikuwa ajabu isiyopata kuonekana, mjibu kwa adabu kwamba babu zake waliliona. Haya yatosha juu ya ardhi.

Sasa tuje kwa watu. Nchi ilipotulia, kabla ya gari lolote kufika, kabla ya simu yoyote kujibiwa Dar es Salaam, walioanza kazi walikuwa majirani. Ndivyo ilivyo kila mahali duniani. Sehemu kubwa ya watu wanaotolewa hai chini ya nyumba zilizoanguka hutolewa na jamaa na jirani zao, kwa mikono mitupu na majembe, katika saa chache za kwanza. Wageni wenye mashine na mbwa wa kunusa huja kesho yake au kesho kutwa, nao hupata maiti wengi kuliko walio hai. Nasema haya bila ya kuwadharau. Safari ni ndefu, na mtu aliyebanwa chini ya ukuta hawezi kuisubiri.

Nitawapa habari moja ya Wajapani, watu waliozoea matetemeko kuliko sisi. Alfajiri ya tarehe 17 Januari 1995 tetemeko liliupiga mji wa Kobe na kisiwa cha Awaji kilicho karibu nao. Katika kisiwa hicho palikuwa na mji mdogo wa wakulima na wavuvi uitwao Hokudan, nao ulikuwa karibu sana na mahali ardhi ilipopasuka. Nyumba nyingi zililala chini. Lakini siku ile ile, kabla ya jua kuchwa, watu wote waliofunikwa walikuwa wamekwisha kutolewa. Walifanyaje? Majirani walijua kila mtu hulala chumba gani. Walijua bibi kizee fulani hulala upande wa mashariki karibu na jiko, basi walichimba pale pale, hawakupoteza saa nzima kufukua upande wa pili. Na walikuwa na kikundi cha kuzima moto cha wenyeji, watu wa kujitolea, waliozoea kufanya kazi pamoja. Katika mji mkubwa wa Kobe, ambako mtu aweza kukaa miaka mitano asijue jina la mtu wa mlango wa pili, kazi ilikuwa ngumu zaidi.

Katika vijiji vyetu ujuzi huo tunao bila ya kufundishwa. Nani asiyejua mama Fulani analala wapi? Tatizo ni kwamba twaujua kwa uvumi na kwa kusengenya, hatuutumii kwa faida. Na katika miji yetu inayokua, ujuzi huo unapotea upesi. Mpangaji huja leo, kesho amehama, wala balozi wa nyumba kumi hajui kama ana watoto wawili au watano.

Huko Bukoba, usiku wa kwanza na mausiku mengi yaliyofuata, watu wengi walilala nje migombani, maana nchi iliendelea kutikisika kidogo kidogo, na ukuta wenye ufa haungojei tetemeko la pili kubwa. Wenye nyumba zilizosalia waliwapokea wenzao. Wazikaji walizika. Vyama vya kufa na kuzikana, ambavyo vijana wa leo huvicheka kuwa ni mambo ya wazee, vilikuwa ndivyo vyenye masufuria makubwa, maturubai na orodha ya watu. Katika nchi iliyokwisha kuona vita ya mwaka 1978, ikaona meli ya MV Bukoba ikizama tarehe 21 Mei 1996 na mamia ya watu wake, ikaona na mnyauko ukila migomba, watu walijua namna ya kukaa matanga. Jambo wasilolijua vema lilikuwa namna ya kukaa na nyumba zilizoanguka kwa maelfu pamoja.

Hapa sina budi kusimama kidogo kwenye nyumba, maana ndiyo kiini cha habari. Nguvu ya 5.9 kwa vipimo vya dunia si kubwa sana. Tetemeko la Nepal la tarehe 25 Aprili 2015 lilikuwa 7.8, na katika vipimo hivi kila namba moja inayoongezeka ni nguvu mara 30 na zaidi. Huko Japani 5.9 yaweza kupita watu wakatikisika, wakaokota vikombe, wakaendelea na chai yao. Basi kilichowaua watu Bukoba ni nini? Ni kuta. Wazee wa Kihaya walikaa katika msonge, nyumba ya mviringo ya miti na matete, iliyoezekwa kwa nyasi hata chini. Nyumba ile ikitikiswa huyumba kama kapu na kurudi mahali pake, na hata ikianguka, nyasi haziui mtu. Kisha tukajifunza kujenga kwa matofali na mawe, na hilo ni jema, kwa kuwa msonge huungua, huvuja, na moshi wake huharibu macho. Sisemi turudi huko. Lakini tulichukua tofali tukaacha elimu yake. Twapanga matofali kwa udongo mtupu badala ya saruji, pembeni hatuyafungamanishi, juu ya milango na madirisha hatuweki mkanda wa zege na nondo ambao mafundi huuita lenta, halafu mwishoni mwa nyumba twainua ukuta wa pembetatu mrefu, mzito, usioshikwa na kitu chochote ila mazoea. Nchi ikitikisika, ukuta ule wa pembetatu ndio wa kwanza kuanguka, nao mara nyingi huanguka juu ya kitanda.

Fundi asiye na ujuzi hulaumiwa, lakini nauliza, je, mwenye nyumba alimwuliza nini? Alimwuliza bei. Nondo zikiongeza bei, nondo huondolewa, na fedha zile hununua rangi ya ukuta wa mbele. Rangi huonekana na wageni, nondo hazionekani.

Sasa nije kwenye msaada wa mbali. Siku ya pili, Jumapili, Waziri Mkuu wa wakati ule, Kassim Majaliwa, alikuwa amekwisha kufika Bukoba kuwaaga marehemu pamoja na wenyeji. Rais wa wakati ule, John Pombe Magufuli, alivunja safari yake ya kwenda Zambia. Tarehe 13 Septemba Waziri Mkuu aliwakutanisha mabalozi na wafanya biashara Dar es Salaam wachange, nao wakachanga, wengine fedha, wengine saruji na mabati. Jirani zetu wa mipakani hawakukawia. Rais Museveni wa Uganda alitoa dola 200,000 za Marekani, na Kenya, wakati wa Rais Uhuru Kenyatta, ilileta mabati, magodoro na mablanketi. Watu wa Msalaba Mwekundu walifanya kazi ya huduma ya kwanza na ya kuandika madhara nyumba kwa nyumba. Wanafunzi, makanisa, misikiti, watu wa ofisini, kila mtu alitoa kwa kadiri yake. Mtu asiseme kwamba Watanzania hawana huruma, nimeona katika magazeti ya siku zile majina ya watu waliotoa shilingi elfu chache, na kwa hali zao elfu chache ni nyingi.

Basi manung'uniko yalitoka wapi?

Yalitoka katika neno moja ambalo halikusemwa wazi siku ya kwanza, nalo ni hili: fedha hizi ni za nini? Mtu aliyechanga Mwanza au Mbeya alikuwa ameona picha ya mama ameketi juu ya kifusi cha nyumba yake. Moyoni mwake alimpa mama yule. Na mama yule aliposikia mamilioni yanatajwa katika redio, alingoja. Lakini Serikali ilipopiga hesabu iliona kwamba nyumba zilizoharibika ni maelfu kwa maelfu, na fedha zilizokusanywa zikigawanywa kwa kila mmoja hazitajenga hata ukuta mmoja, ilhali shule, zahanati na barabara zimebomoka nazo ni za wote. Mwanzo wa Januari 2017 Rais alikwenda Kagera, akasema waziwazi kwamba Serikali haitamjengea kila mtu nyumba, kila mtu na ajenge ya kwake, na kwamba fedha zitatengeneza mali ya umma. Shule ya Ihungo ilijengwa upya, na fedha za Uingereza zilisaidia katika kazi hiyo.

Wengi walikasirika, na wengine waliona amesema kweli ngumu. Mimi naona hivi. Kujenga shule kwanza ni shauri linaloweza kutetewa mbele ya mtu yeyote mwenye akili. Shule moja huhudumia watoto wa nyumba mia na watoto wao baada yao, na serikali ambayo haina fedha haiwezi kuziumba. Lakini shauri hilo lilitakiwa lisemwe wakati bakuli la mchango linapita, si miezi mitatu baadaye. Mchangaji akiambiwa, "Tunachanga kwa ajili ya shule na zahanati," atatoa au atakataa, na mwenye kifusi atajua tangu siku ile kwamba asingoje, akatafute miti na fito kabla mvua za vuli hazijashika. Waliongoja ndio walioumia mara mbili. Septemba ilikwisha, Oktoba ikaja na mvua yake, nao wako chini ya turubai wakisikiliza redio.

Na liko jambo jingine lililotia sumu. Mwezi ule ule wa Septemba 2016 ilisemekana kwamba imefunguliwa hesabu nyingine ya benki yenye jina lililofanana na jina la mfuko wa maafa, na watumishi kadha wa Serikali waliondolewa au kusimamishwa kazi kwa tuhuma hiyo. Sitawahukumu hapa, hiyo si kazi ya mkutano huu. Nasema tu kilichotokea katika mioyo ya watu. Habari kama ile ikisha kusikiwa, hata shilingi iliyotumika kwa haki hutazamwa kwa jicho la pembeni. Mtu akiona lori la saruji linapita, hasemi tena, "Hiyo ni saruji," husema, "Hiyo inakwenda kwa nani?"

Kazi yangu mimi ni daftari, nanyi mtanisamehe nikilisifu daftari kuliko linavyostahili. Lakini naamini kwamba baada ya tetemeko, daftari ni sawa na sepetu. Msaada ukija kijijini, wa kwanza kuulizwa ni orodha. Na orodha huandikwa na mtu mmoja mwenye kalamu, kwa haraka, watu wakimzunguka na kupiga kelele, na kila mmoja akidai kwamba nyumba yake ndiyo iliyoharibika zaidi. Akiandika vibaya siku ile, kosa hilo litaishi miaka.

Tazameni jinsi orodha inavyoweza kukosea bila ya mtu yeyote kuiba. Karani huandika jina la mwenye nyumba. Ni sawa? Yuko mjane akaaye katika kibanja cha ukoo wa marehemu mume wake. Kibanja chajulikana kwa jina la shemeji. Orodha ikiandikwa kwa jina la mwenye kibanja, mabati huenda kwa shemeji, naye akiwa mwema atampa, akiwa vinginevyo atajengea banda la ng'ombe. Mjini nako wako wapangaji. Mwenye nyumba ya vyumba sita amepoteza nyumba, na familia sita zimepoteza pa kulala na vyombo vyao vyote. Turubai moja au saba? Tena yuko mzee ambaye nyumba yake haikuanguka, bali ina ufa mpana wa vidole viwili, naye alala ndani kwa kuwa hana pengine. Katika safu ya "zilizoanguka" hayumo, kwa hiyo hapati kitu, hata siku nyumba ile itakapomwangukia.

Kwa hiyo nasema daftari la kijiji liandikwe kabla ya maafa, nchi ikiwa imetulia, watu wakiwa na akili zao. Liandikwe kwa kaya, yaani kwa sufuria inayopikwa, si kwa jina la mwenye ardhi. Liseme watu wangapi wanalala pale, watoto wangapi, nani haoni, nani hatembei, nani ana mimba, na kila mtu hulala upande gani wa nyumba, kama wale wa Hokudan. Libandikwe nakala mahali pa wazi. Orodha iliyofichwa katika mkoba wa mtu mmoja huzaa uwongo, hata mtu mwenyewe akiwa mtakatifu. Kitu kikigawanywa, kisomwe kwa sauti mbele ya watu: Fulani, mabati kumi, tarehe fulani, na mpokeaji atie sahihi au dole gumba. Watu watabisha papo hapo, na ubishi wa papo hapo si mbaya, hukoma siku ile ile.

Mtauliza, je, hapana nchi iliyopata njia bora ya kujenga nyumba za watu? Nepal walijaribu njia moja inayofaa tuiangalie. Huko walikufa watu karibu 9,000, na nyumba nusu milioni na zaidi ziliharibiwa. Serikali yao haikuwajengea watu, wala haikuwaambia kila mtu na shauri lake. Ilisema mwenye nyumba atajenga mwenyewe, nasi tutampa rupia 300,000 kwa vipande vitatu: 50,000 za kuanzia, 150,000 msingi ukisha kukaguliwa, na 100,000 ukuta ukifika mahali pake na kukaguliwa tena. Asiyeweka mkanda wa kufunga kuta hapati kipande kinachofuata. Mapungufu yalikuwapo. Kazi ilikawia kuanza, fedha hazikutosha gharama yote, na maskini wengi walikopa kwa riba kali ili wamalize. Lakini nyumba nyingi zilizosimama baadaye zilikuwa imara kuliko zile za kwanza, na fundi wa kijiji alijifunza kazi kwa kuwa mkaguzi alikuja mara mbili. Hilo ndilo ninalolipenda katika njia ile. Fedha ya mbali ilikuwa na ulimi, ilimwambia mtu, "Jenga namna hii."

Lakini mgeni wa kusaidia naye achungwe, nasema hivi bila ya kukosa shukrani. Kule Haiti, katika tetemeko la tarehe 12 Januari 2010, dunia nzima ilikwenda kusaidia. Mwezi wa Oktoba mwaka ule kipindupindu kikazuka, ugonjwa ambao watu wa huko hawakuwa nao. Ilikuja kujulikana kwamba ulianzia kwenye uchafu wa kambi ya askari wa Umoja wa Mataifa uliotiririka mtoni. Maelfu ya watu waliookoka katika tetemeko waliuawa na maji ya kunywa, na Katibu Mkuu Ban Ki-moon akaomba radhi kwa ajili ya Umoja huo mwaka 2016, miaka sita baadaye. Askari wale hawakwenda kwa nia ya kuua. Ni shimo la choo tu. Basi mgeni akija kijijini kwenu na mahema yake, mkaribisheni, mpeni ndizi na maji, kisha mkubwa wa kijiji amwonyeshe mahali pa kuchimba choo, mbali na mto na visima, wala asione haya kwa sababu mgeni ana gari kubwa.

Vivyo hivyo juu ya vitu vinavyoletwa. Katika juma la kwanza blanketi ni uhai. Katika mwezi wa tatu blanketi la nne ni mzigo, na kinachotakiwa ni misumari, mabati, saruji, na mbegu kwa aliyeacha shamba lake apate kufukua nyumba. Anayejua kitu gani kinatakiwa juma gani ni mwenyeji, lakini mara nyingi haulizwi, na asipoulizwa hunyamaza, kwa kuwa tumefundishwa kwamba anayepewa hachagui. Mimi naona tuiache tabia hiyo. Mwalimu wa shule aandike barua fupi: tunazo nguo za kutosha, tunaomba nondo. Barua kama hiyo haimvunjii mtu heshima, na mtoaji mwenye nia njema ataifurahia, maana hataki fedha zake zioze katika ghala.

Neno la mwisho ni juu ya nguvu za mikono. Yako matengenezo ambayo hayangoji mfadhili. Ukuta wa pembetatu waweza kushushwa na mahali pake pakawekwa mbao au bati, kazi ya siku mbili kwa watu wanne. Paa laweza kufungwa kwa waya kwenye ukuta. Mlango usikatwe karibu na pembe ya nyumba. Vitanda vihamishwe kutoka chini ya ukuta mzito, kazi isiyo na gharama hata ya senti moja. Tukiwa na ujima wa kulimiana na wa kuezekeana, sioni kwa nini tusiwe na ujima wa kushusha kuta za hatari, tukianza na nyumba za wajane na wazee, kisha shule.

Tumeleta hapa daftari moja tupu lililopigwa mistari kwa kila kijiji, na makarani wa vijiji watalipokea kwangu kwa sahihi. Safu ya kwanza ni jina la mkuu wa kaya, ya pili ni idadi ya walalao, ya tatu ni mahali wanapolala, na zinazobaki mtaziona wenyewe. Fundi wetu naye amekuja na timazi na kamba. Sasa hivi atatoka nje awaonyeshe ukuta wa nyuma wa shule hii, ambao tangu asubuhi amekuwa akiutazama kwa mashaka, na watoto wanaoketi chini yake naomba wahamie upande huu.